Mashine Iliyopigwa Marufuku

Ndugu msomaji, wahenga walisema mficha uchi hazai, basi na mimi sitaficha. Mwaka 2019 nilipoteza riwaya yangu ya kwanza, kurasa 143, kwa muda usiofika dakika tano. Haikuibwa na kibaka wa Kariakoo wala haikuungua moto. Niliipoteza mimi mwenyewe, nikisaidiwa na kijana mmoja wa steshenari ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa miezi 14 nilikuwa nachapa riwaya ile kwenye kompyuta za watu: leo kwa rafiki, kesho kwenye intaneti kafe, keshokutwa ofisini kwa jirani baada ya saa za kazi. Riwaya yenyewe ilikaa ndani ya flashi moja ndogo niliyoivaa shingoni kama hirizi. Siku ya siku nikajikusanyia vijisenti, nikaingia steshenari moja nikaiprinti. Flashi ikachomekwa. Kwenye kioo faili hazionekani, vimebaki vialama vya ajabuajabu ambavyo ukivibonyeza havifunguki.

"Virusi hivyo bro," kijana akaniambia. "Ngoja nikusafishie."

Nikamwambia safisha. Akasafisha! Yaani alifomati flashi nzima ikabaki nyeupe pe, kama daftari la siku ya kwanza shuleni. Nilitoka pale nikaifuata Mtaa wa Msimbazi natembea kama mtu aliyetoka kuzika. Wapiga debe wananiita, wauza soksi wananivuta mkono, mimi simwoni mtu. Nikajikuta Mtaa wa Sikukuu, mlangoni kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona sura imekusawajika hivyo, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua mchele. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Nakala iko wapi?"

"Nakala gani shangazi?"

"Ya kaboni."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Lakini swali lile ndilo lililonifanya nianze kuulizauliza habari za kompyuta katika nchi hii: zilikuja lini, zilipokewaje, na kwa nini mtu kama mimi, niliyezaliwa mwaka 1998 na kukua zipo, nilikuwa sijui jambo ambalo mchapaji wa taipureta alilijua toka zamani.

MASHINE YA HAZINA

Vijana wengi wa leo tunadhani kompyuta ilikuja Bongo pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Ilikuwa aina ya ICT 1500, kutoka kwa Waingereza. Usifikirie kitu cha kuweka mapajani. Mashine za wakati ule zilijaza chumba, zilitaka ubaridi wa kiyoyozi kama nyama ya buchani, na zililishwa kadi za karatasi nene zenye matundu. Kila tundu lilikuwa na maana yake. Ukitoboa vibaya, mashine inajibu vibaya.

Maeneo yale ya Kivukoni unayajua. Ni pale ambapo leo unashuka kwenye mwendokasi, upande mmoja watu wanakimbilia pantoni la Kigamboni, upande mwingine harufu ya samaki wa Feri, na nyuma yake maofisi ya serikali yamejipanga. Ndiyo kusema nchi ilikuwa na kompyuta wakati watu wengi wa mitaa ya nyuma, Kariakoo na Ilala, hawajawahi hata kupiga simu.

Basi serikali ikajaribu kuzihamishia hesabu zake kwenye mashine. Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno na kazi ilitegemea wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na ikabidi kurudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 ikatoka amri: ni marufuku kuingiza kompyuta nchini pamoja na vifaa vyake. Televisheni nazo zikakumbwa na marufuku hiyohiyo. Ndiyo maana wenzetu wa Zanzibar walitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, na sisi wa Bara tukaja kuanza kuitazama ya kwetu mwaka 1994.

Niliposoma habari hizi nilishika kichwa. Nikamwambia shangazi, "Kumbe na serikali nayo ilifomati! Tatizo lilikuwa watu hawajafundishwa, wao wakaifuta mashine."

Shangazi hakufurahi. Yeye ni mtu wa enzi ya Mwalimu, na enzi ile haichezewi mbele yake. "Wewe usiyejua njaa usiseme hivyo," akanijibu. "Unajua 1974 ilikuwaje?"

Nikaenda kusoma tena, na kwa kweli alikuwa na hoja. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Kati ya 1973 na 1975 ukame uliikumba nchi, chakula kikanunuliwa nje kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa chache. Ukiwa na dola moja, mtoto analia njaa na mashine imelala inataka spea kutoka Uingereza, utanunua nini? Mimi nisingenunua spea.

Hata hivyo, ndugu msomaji, hoja yangu sikuiacha yote. Kutonunua mashine ni jambo moja, na kutofundisha watu ni jambo jingine. Masharti yalianza kulegezwa miaka ya 80, vibali vikawa vinatolewa kwa wenye sababu, na kufikia miaka ya 90, baada ya Mzee Ruksa kufungua milango ya biashara, marufuku ikaisha. Lakini kwa miaka hiyo yote mashine zilikuwa zinabadilika huko duniani, kutoka chumba kizima hadi juu ya meza. Mlango ulipofunguliwa kikaingia kitu tofauti kabisa na kile tulichokifungia nje.

VIDOLE VYA SHANGAZI

Shangazi yangu alisoma Chuo cha Uhazili Tabora miaka ya 80 mwanzoni. Alijifunza hatimkato na kupiga chapa. Mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa ili wasitazame herufi. Mwaka 1984 akapata kazi ya uchapaji katika ofisi moja huku Kivukoni, ambayo sitaitaja. Anasema asubuhi ofisi ililia kama mvua ya mawe juu ya bati, taipureta nane kwa pamoja. Barua moja inachapwa na nakala tatu: ya mpelekewa, ya jalada, na ya mkubwa. Katikati ya karatasi unaweka kaboni. Ukikosea herufi moja, umekosea mara nne.

Kisha miaka ya 90 kompyuta zikaingia ofisini kwao. Ya kwanza ilifungiwa chumba cha mkubwa na kufunikwa kitambaa kilichodariziwa, kama redio ya sebuleni. Wachapaji hawakuruhusiwa kuigusa. Baadaye ndiyo ikaonekana kumbe mtu mmoja mwenye mashine ile anafanya kazi ya wanne, tena akikosea anafuta bila wino mweupe. Wakati huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Mwaka 1996 shangazi akapewa barua. Kilichomuuma zaidi, anasema, ni kwamba barua yenyewe ilichapwa na kompyuta, tena ina makosa mawili ya chapa.

Angeweza kukaa akalalama. Alichofanya ni kwenda jioni kwenye kituo kimoja cha mafunzo kulipia masomo ya kompyuta, mama mwenye watoto watatu akikaa na wasichana waliotoka kidato cha nne. Siku ya kwanza aliogopa hata kuwasha. Siku ya pili akaitazama kibodi vizuri akaanza kucheka peke yake. Herufi zimekaa palepale! Q, W, E, R, T, Y. Mpangilio ule ulianza kwenye taipureta za Marekani katika miaka ya 1870, na waliotengeneza kompyuta waliuchukua kama ulivyo. Vidole vya shangazi vilikuwa vimeshafuzu Tabora zamani. Wale wasichana wakawa wanadonoa herufi mojamoja kama kuku, mama wa watu anachapa huku anatazama dirishani.

Mwaka 2001 akanunua kompyuta ya mtumba, akaiweka kwenye kibaraza Mtaa wa Likoma na kibao: TUNACHAPA BARUA, MIKATABA, KADI ZA HARUSI. Kompyuta ile ndiyo iliyonisomesha mimi. Na pembeni yake, kwa siku za umeme kukatika, taipureta ilibaki mezani.

KIPANYA NA NENO LA SIRI

Safari yangu mwenyewe ilianza na aibu. Nikiwa darasa la tano niliambiwa na binamu yangu, "Shika kipanya." Kwa akili yangu kipanya kilikuwa ile Hiace ya abiria, maana ndivyo wakubwa walivyoziita. Nikatazama barabarani. Walicheka mpaka shangazi akatoka nje kuuliza kulikoni.

Wakati huo intaneti kafe zilikuwa zimetapakaa mjini, kuanzia Posta mpaka mitaa ya Kariakoo. Nchi ilishapata anwani yake ya mtandaoni, zile herufi mbili .tz, mwaka 1995, lakini kwa miaka mingi mawasiliano yalipitia satelaiti, yakawa ghali na ya polepole. Unafungua ukurasa mmoja, unakwenda kununua muhogo wa kukaanga, unarudi picha imefika nusu. Mwezi Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ukaanza kazi ukiunganisha Dar es Salaam na dunia. Mwaka uliofuata ukaja wa pili, EASSy. Nyaya hizo hazionekani, lakini ukikaa Kivukoni ukitazama bahari kumbuka kwamba kila ujumbe unaomtumia mjomba wako Muskati au dada yako London unapita huko chini pamoja na samaki.

Mimi nilifunguliwa barua pepe mwaka 2011 na mhudumu wa kafe moja. Alinichagulia jina, akanichagulia na neno la siri, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ikafuliwa ndani ya suruali. Kwa hiyo kuna sanduku la barua lenye jina langu ambalo sijawahi kulifungua mpaka leo. Wangapi mmefanyiwa hivyo? Tulikuwa tunalipia kufanyiwa badala ya kufundishwa. Mwaka huohuo ulikuwa wa mgawo wa umeme. Nilikuwa nachapa hadithi yangu ya kwanza, kurasa nne, sijahifadhi hata mara moja, pap! Giza. Mhudumu akatangaza, "Jamani, muda wenu umeishia hapo."

Sekondari nako, mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa mtu mwema sana mwenye mashine sita za msaada, mbili zinawaka, na wanafunzi 70. Akachora kibodi kwenye karatasi za manila. Tukafanya mazoezi ya vidole kwenye dawati tukiimba herufi. Usicheke. Nilipohitimu kidato cha nne mwaka 2015 nilikuwa najua sehemu zote za kompyuta kwa majina, kama mtu anayejua viungo vya ng'ombe bila kuwahi kuchinja.

MSTARI MWEKUNDU

Kuna jambo moja kila anayeandika kwa Kiswahili kwenye kompyuta analijua, ila hatulizungumzi. Unachapa sentensi yako nzuri, unaisoma, kila neno limepigiwa mstari mwekundu chini. Mashine inadhani umekosea Kiingereza. Kwangu mimi, niliyepata alama za chini kwenye Kiingereza, ukurasa wangu wa kwanza ulifanana na daftari la mtihani nililorudishiwa. Na hiyo bado nafuu. Mashine nyingine zinakurekebisha kwa nguvu bila hodi. Mhusika wangu alikuwa anasema "hata" ikawa "hat". Shujaa wangu akawa amevaa kofia katika kila sura.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba wapo waliolishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Wataalamu wa lugha walikaa na wataalamu wa mashine wakatafuta maneno. Fikiria, mimi nilikuwa na miaka sita, na hakuna mwalimu wala mhudumu wa kafe aliyewahi kunitajia programu hiyo. Kitu kikitengenezwa kisifike Mtaa wa Likoma kina tofauti gani na kile kilichopigwa marufuku?

Kuhusu majina, mabishano hayaishi kijiweni. Wapo wanaosema tarakilishi, wapo wanaosema ngamizi, na sisi wa mtaani tunasema kompyuta. Mimi naona jina lolote litakalomfanya shangazi asiogope kuwasha ndilo jina zuri. Lakini "barua pepe" na "tovuti" yalipokuja tuliyapokea wote, kwa sababu yanaeleweka mdomoni na masikioni. Neno zuri halihitaji kulazimishwa.

RIWAYA KWENYE KIGANJA

Leo tunaandika kwa simu. Waandishi vijana ninaowafahamu, wengi wao hawajawahi kumiliki kompyuta. Wanachapa kwa dole gumba ndani ya daladala, wanauza riwaya sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, na msomaji analipa kwa simu. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na sidhani kama walioileta walijua itakuja kuwalipa watunzi wa hadithi.

Wakubwa zetu kina Elvis Musiba, Hammie Rajab na Ben Mtobwa waliuza vitabu ambavyo viliazimwa mkono kwa mkono mpaka jalada likatoka. Mwandishi alipata senti ya nakala moja na wasomaji wakawa 20. Sisi sehemu ya kumi ya riwaya yako inatumwa kwa mtu mmoja aliyelipa, jioni unaikuta kwenye kundi jingine na jina la mtu mwingine juu yake. Imenitokea. Nilipolalamika, jamaa akaniuliza, "Una ushahidi gani ni yako?"

Swali lile lilikuwa kama la shangazi. Nakala iko wapi? Leo ninapoandika natunza ya mkono yenye tarehe. Ndiyo kaboni yangu.

KURASA 96

Na riwaya ile ya kwanza je? Baada ya mwezi mmoja wa kuzira, shangazi aliniita jioni moja. Alikuwa ameshafunga kazi ya kibarazani, macho hayampi tena, lakini kompyuta aliihamishia chumbani. Akakaa, akanyoosha vidole, akasema, "Haya, nisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Riwaya yako. Wewe si ndiye uliyeitunga? Simulia, mimi nachapa. Ukurasa shilingi elfu moja, hakuna cha undugu."

Tulifanya hivyo jioni 22. Mimi natembeatembea kwenye chumba chenye nafasi ya hatua tatu, yeye anachapa bila kutazama kibodi, kwa vidole vya Tabora. Nikijisahau nikaanza kuremba maneno anasimama. "Hapa sikuelewi. Huyu mtu kafa au hajafa?" Nikisimulia vizuri hasemi neno, anachapa tu. Nilijifunza kumsikiliza kwa masikio ya kibodi.

Kurasa 143 zilirudi zikiwa 96. Nimejaribu kukumbuka zile 47 zilikuwa na nini, sikumbuki.

Baadaye sana nilikuja kujua jambo lililoniuma upya. Virusi vya aina ile, mara nyingi havifuti faili. Vinazificha tu. Riwaya yangu huenda ilikuwa mlemle ndani ya flashi, nzima, inasubiri mtu anayejua kuifichua. Aliyeiua ni yule aliyesafisha, na aliyempa ruhusa ni mimi. Simlaumu kijana. Hakuna aliyemfundisha naye.

Ndugu msomaji, hasa wewe mwenye daftari lako la hadithi chini ya mto, naomba nikuachie haya kabla sijaweka kalamu chini. Usilipie kufanyiwa, lipia kufundishwa, hata kama ni kwa andazi na chai. Neno la siri litunge mwenyewe. Na kazi yako itunze mahali patatu: moja kwenye barua pepe yako, moja kwenye flashi usiyoichomeka hovyo, na moja kwenye karatasi. Ya kwangu ya karatasi iko kwa shangazi, ndani ya sanduku, chini ya doti za khanga. Hataki kuitoa. Anasema ni dhamana, maana zile shilingi 96,000 bado ananidai.